Kiti Kilichompinda Mrefu

Mwavuli ulidondoka, naye Mrefu akainama kuuokota. Kosa lake siku ile lilikuwa hilo tu.

Ukumbi wa stesheni ulikuwa umefurika. Treni ya jioni ilikwisha kutangazwa, watu wakaburuza mabegi, watoto wakalia, na foleni ya tiketi ikajikunja mara mbili mpaka mlangoni. Mbele yake alisimama dada mmoja mfupi, gauni la buluu iliyoiva, kilemba rangi ya haradali kilichofungwa kwa ustadi, mwavuli kwapani. Tangu alipoingia foleni Mrefu alikuwa akikitazama kilemba kile na kutafuta neno la kuanzia, maana mtu mwenye ulimi kama wake haanzi na "habari yako" ya kila mpita njia. Mwavuli ukamfanyia hisani. Ukateleza, ukagonga sakafu.

"Acha, dada, usijisumbue," alisema, sauti ameilainisha, akainama kwa madaha ya mtu anayejua anatazamwa.

Kuinama aliinama. Kuinuka ndiko kulikogoma.

Kitu kilimbana katikati ya mgongo, pale kati ya mabega ambapo mkono wa mtu haufiki hata akitaka kujikuna. Pumzi ikakatika. Akabaki vilevile kama ndoano, mkono umeshika mwavuli, pua imeelekea viatu vya yule dada. Vilikuwa viatu bapa vyeusi, vimeng'arishwa vikang'aa.

"Kaka, songa basi!" mtu wa nyuma alipaza sauti.

"Mwache, anasalimia sakafu," alijibu mwingine, na foleni nzima ikacheka.

Mrefu aliona masikio yanawaka. Akajaribu kujinyanyua ghafla, maumivu yakamrudisha chini.

"Usishindane na mgongo," sauti ilisema karibu na sikio lake. Yule dada alikuwa amechuchumaa, uso wake umelingana na wake, macho matulivu. "Pumua kwanza. Mkono mmoja weka gotini. Huu mwingine weka begani kwangu. Sasa nyanyuka kwa miguu, usivute kwa mgongo. Polepole, hakuna anayekufukuza."

"Treni."

"Treni itakuja nyingine."

Akanyanyuka. Ilikuwa kazi ndefu, maana kimo chenyewe kilikuwa kirefu, na yule dada alizidi kuinua uso kadiri yeye alivyopanda.

"Maumivu haya si ya leo," alisema dada.

"Ni ya leo."

"Kaka."

"Basi, ya muda kidogo."

"Unafanya kazi gani?"

"Kinyozi. Na wewe, unayewahoji watu kwenye foleni?"

"Tabibu wa mgongo. Kairopraktiki. Nanyoosha migongo kwa mikono."

Mrefu aliitazama mikono yenyewe. Midogo, kucha zimekatwa fupi. "Hiyo? Hata mfuniko wa chupa haifungui."

"Njoo uione," alisema tabibu. Akampa kadi yenye anwani ya kliniki, akachukua mwavuli wake, akapotea kwenye umati. Mrefu akakumbuka baadaye kwamba treni yake pia ilikuwa imepotea.

*

Alikaa na kadi ile mfukoni kwa kiburi chake chote, mpaka asubuhi aliposhindwa kuvaa shati bila kuuma meno. Hapo akaenda.

Chumba cha tabibu kilikuwa na dirisha kubwa, picha ya uti wa mgongo ukutani, na kitanda kirefu chenye tundu la kuingiza uso. Kabla ya kumgusa, tabibu alimwuliza maswali. Aliwahi kuanguka? Anapata homa? Amepungua mwili bila sababu? Miguu inakufa ganzi? Kifua kinabana akipanda ngazi?

"Hivi nimekuja kutibiwa au kuandikisha maelezo polisi?"

"Katikati ya mgongo ni jirani wa moyo, mapafu na figo," alisema tabibu bila kucheka. "Lazima nijue kwanza nani anayepiga kelele. Nikisikia dalili mbaya nakupeleka hospitali, sikugusi hata kwa kidole. Lala kifudifudi."

Akalala. Kupitia tundu akaviona viatu vile vyeusi, akatabasamu peke yake. Mara ya pili hii anaongea na viatu vya mwanamke huyu.

Vidole gumba vya tabibu vilianza juu, chini ya shingo, vikashuka mfupa kwa mfupa.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Aah! Kidogo."

"Kidogo cha kiume au kidogo cha kweli?"

Mrefu akang'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Nimeelewa," alisema tabibu. "Pamekaza kama ubao. Vuta pumzi ndefu. Itoe yote."

Pumzi ilipokwisha, viganja vile vidogo vilishuka mara moja, kwa kasi na kwa kipimo. Ko! Mrefu akapiga yowe.

"Umenivunja!"

"Ni hewa tu imetoka kwenye kiungo, kama unavyovunja vidole. Kaa. Geuka kushoto. Kulia. Je?"

Akageuka. Akageuka tena. Ilikuwa kama mtu amemtua gunia alilozoea kulibeba hata akasahau kwamba analo. Alitaka kusema neno zito, la kupendeza, akapata moja tu: "Loo."

"Usinishukuru bado. Sijakuponya, nimekulegeza. Utarudi wiki ijayo, na kila siku utasimama ukutani, visigino, mgongo na kichwa viguse ukuta, upandishe mikono na kuishusha. Usipofanya nitajua."

"Utajuaje?"

"Mgongo wako hauna siri na mimi."

Maneno yale Mrefu aliyabeba mpaka nyumbani.

*

Akawa mgonjwa mtiifu. Kipara, kinyozi mwenzake ambaye kichwani hakuwa na unywele hata mmoja wa kujitangazia biashara, aliona mwenzake anapiga pasi mashati siku za kliniki tu. Na simu zikaanza.

"Umefanya mazoezi?"

"Nimefanya, Tabibu wangu."

"Tabibu wako nani? Umefanya ukutani?"

"Ukutani kabisa, mikono juu kama niliyekamatwa."

"Mpe simu mwenzako."

Kipara akaipokea kwa furaha. "Anakudanganya, shemeji! Kutwa yuko mbele ya kioo!"

"Usiniite shemeji."

"Samahani, shemeji."

Mrefu alisikia kicheko upande wa pili, kicheko kifupi kilichojaribu kujizuia kikashindwa. Asichojua ni kwamba wagonjwa wengine hawakupigiwa simu zile, na kwamba tabibu mwenyewe, kila alipokata, alikaa akiitazama simu na kujiuliza anafanya nini.

Lakini mgongo ulikuwa na tabia. Ulitoka kliniki umelegea, wiki ikiisha unarudi umekaza. Siku moja tabibu akasema, "Nataka nikuone ukiwa kazini."

Akaja na gauni la kijani, akaketi kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akatazama. Duka lilikuwa jembamba, vioo pande mbili, harufu ya poda na spiriti. Katikati kilisimama kiti cha Mrefu, kiti cha chuma chenye ngozi nyekundu iliyopauka, kifupi mno. Mteja alipoketi, kichwa chake kilimfikia Mrefu kiunoni. Na Mrefu akakunjika juu yake, mabega mbele, shingo chini, mashine ikiunguruma. Akamaliza kichwa, akaita kingine, akakunjika tena.

Mteja wa mwisho alipotoka, tabibu alikiendea kiti akakigonga kwa kucha.

"Huyu ndiye adui yangu," alisema. "Ndiye anayekupinda. Kiondoe."

Kipara aliyekuwa akifagia alisimamisha ufagio.

"Hicho ni kiti cha baba yangu," alisema Mrefu taratibu.

"Sikujua. Pole. Lakini..."

"Ameshika mashine nyuma ya kiti hicho mpaka siku ya mwisho wa uhai wake, na sikuwahi kumsikia analalamika mgongo."

"Baba yako alikuwa na kimo gani?"

Kipara ndiye aliyejibu, akiweka kiganja kifuani pake. "Mzee alikuwa ananifikia hapa."

"Kipara, fagia!"

"Sikiliza, Mrefu." Tabibu alishusha sauti. "Nakunyoosha, unarudi hapa kinakupinda. Nakunyoosha tena. Mpaka lini?"

"Mpaka uchoke."

"Nikichoka je?"

"Utasema. Mimi kiti cha baba yangu sikitupi kwa ajili ya mtu niliyekutana naye kwenye foleni."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Tabibu alichukua mkoba wake, akamuaga Kipara kwa heshima, akatoka.

"Kaka," alisema Kipara, "kutwa unainamia vichwa vya watu usiowajua. Kumwinamia huyu mmoja kunakushinda nini?"

Jioni hasira ilipopoa alibaki na majuto matupu. Kuomba radhi kwa maneno ya kawaida hakukuwa katika damu yake. Basi akakaa, akahesabu mizani kwa vidole, akamtumia ujumbe wa simu:

*Mgongo umenyooka, moyo wangu umepinda,*
*Tabibu aliyeshika, ndiye ninayempenda.*

Alama zikaonyesha umesomwa. Jibu halikuja.

*

Siku ya miadi alivaa shati jeupe, akajipulizia manukato, akafika mapema. Dada wa mapokezi alipoliona jina lake alichezea kalamu.

"Leo utahudumiwa na Nyundo."

"Nyundo ndiye nani?"

Mlango ukafunguka, likatokea jitu lenye mikono kama makoleo na tabasamu la mtoto. "Ndiye mimi, kaka. Karibu."

"Tabibu wangu yuko wapi? Anaumwa?"

"Yupo," alisema dada wa mapokezi, akikwepa kulitazama shati lile jeupe. "Ameomba usipangwe kwake tena."

Maneno hayo yalimwingia Mrefu pale pale penye mgongo wake. Nikichoka je? Basi amechoka. Na ule ushairi wake bila shaka umesomwa kwa sauti jikoni mwa kliniki, watu wakashika mbavu. Aligeuka, akatoka, hatua ndefu, kichwa juu, na mgongo ukimchoma kila hatua.

Laiti angengoja! Nyuma ya mlango wa pili tabibu alikuwa akimalizia mgonjwa wake, amepanga akitoka tu amvute pembeni amweleze. Alitoka akakuta kiti kitupu na harufu ya manukato.

Akampigia.

"Mrefu, kuna jambo nataka nikueleze."

"Nimekwisha elezwa mapokezi."

"Hujaelezwa. Nilitaka tuonane uso kwa..."

"Ulisema utachoka. Mtu akichoka ameruhusiwa kupumzika. Pumzika, Tabibu."

"Huna hata subira ya kunisikiliza?"

"Nina wateja."

Hakuwa na mteja hata mmoja. Kipara alikuwa shahidi, akatikisa upara wake kwa masikitiko. Na tabibu naye alikuwa binti wa watu mwenye heshima yake; hakupiga tena.

Mrefu hakurudi kliniki, si kwa Nyundo wala kwa yeyote. Mazoezi ya ukutani akayaacha, maana kila akipandisha mikono alisikia kile kicheko cha kwenye simu. Mgongo ukaanza kumdai kwa nguvu. Akawa anapumzika kati ya kichwa na kichwa, kisha katikati ya kichwa, mteja amenyolewa nusu, yeye ameshikilia ukingo wa kioo.

Mama yake alipopita dukani kumletea nguo alizomshonea vifungo, alimkuta katika hali hiyo.

"We mwanangu, mbona umekunjika kama nyanya yako?"

"Mgongo, mama. Yule tabibu alitaka nikitupe kiti cha baba."

"Kwa nini?"

"Eti kifupi."

Mama alikitazama kiti, akamtazama mwanawe toka viatu mpaka utosi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi.

"Mama, nini sasa?"

"Kifupi, ndiyo! Baba yako ndiye aliyekifupisha. Alipokinunua kilikuwa kirefu, mteja akikaa baba yako anamnyoa amesimama juu ya kreti la soda. Watu wakamcheka. Siku moja akakibeba mpaka kwa fundi wa kuchomelea, mguu wa kiti ukakatwa. Akaniambia, mke wangu, kiti ni cha kunitumikia mimi. Wewe, mwanangu, umekigeuza kaburi."

Akafuta machozi ya kicheko, na mengine yaliyofuata ambayo hayakuwa ya kicheko. "Angekuona ulivyopinda angekuchapa."

Mrefu aliupitisha mkono kwenye mguu wa kiti. Alikuwa amekifuta vumbi kila siku, lakini hajawahi kuinama kutazama chini yake. Kweli, palikuwa na kovu la chuma lililozunguka, limeungwa na kupakwa rangi. Alikaa hapo chini muda mrefu, akilisugua kovu lile kwa kidole gumba.

Kesho yake alikibeba kwa fundi wa kuchomelea. Kilirudi kimeongezwa kipande cha bomba imara na kikanyagio cha miguu, ngozi yake nyekundu ni ileile.

*

Mteja wa kwanza kukikalia kiti kilichorefushwa alikuwa Nyundo.

"Ndevu," alisema, akijitupa kitini. "Kiti kizuri. Kipya?"

"Cha zamani," alijibu Mrefu. Alimpaka povu, akashika wembe. Kwa mara ya kwanza alinyoa amesimama wima.

"Hukurudi, kaka. Nilikutayarishia mikono."

"Asante. Nimepona."

"Unadanganya, bega la kushoto liko juu. Lakini sikuja kwa ajili ya bega. Na hajanituma mtu, tabibu wako akijua atanimaliza." Nyundo alimtazama kwenye kioo, shavu moja safi, jingine limejaa povu. "Unaijua kanuni ya kazi yetu?"

"Kanuni gani?"

"Mgonjwa ukianza kumpenda, humgusi tena. Anajilaza pale hana shati, anakuamini mgongo wake. Huwezi kumshika kwa mikono miwili yenye nia mbili. Unamkabidhi kwa mwenzako. Baada ya hapo ndipo unakuwa huru kumjibu kama binadamu. Yeye alikuja kwangu asubuhi ile ya miadi yako na simu mkononi, akanionyesha mistari yako miwili. Akaniambia, nichukulie huyu, nataka nimjibu."

Wembe ulisimama hewani.

"Kipara!" Mrefu aliita. "Mmalizie!"

"Unakwenda wapi na wembe?" Nyundo alipiga kelele, lakini wembe ulikwisha tua kwenye bakuli na mlango ulikwisha bamizwa.

*

Alimkuta tabibu mlangoni mwa kliniki, anafunga kazi, gauni la buluu, mwavuli kwapani. Alipomwona alisimama. Mrefu alikuwa na aproni kifuani, nywele za watu mikononi, anahema.

"Kliniki imefungwa," alisema tabibu.

"Sikuja kliniki."

"Nyundo leo hayupo."

"Nyundo yuko dukani kwangu, amenyolewa upande mmoja."

Midomo ya tabibu ilicheza, akaikaza. "Umefuata nini, Mrefu?"

Alikuwa ametunga beti njia nzima. Zote zilimtoroka pale, akabaki na maneno ya kila mtu.

"Nisamehe. Ulinipigia nikakufunga mdomo. Nilikuita mtu wa kwenye foleni. Nilidhani umenichoka, kumbe ulikuwa unanitengea nafasi."

Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Mama mmoja mwenye kikapu akasimama kabisa. Mrefu aliwaona, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali.

"Nilingoja nikueleze," alisema tabibu. "Nilitaka kufanya kila kitu kwa utaratibu, kwanza kazi, kisha moyo. Labda ningekujibu kwanza. Lakini wewe uliondoka kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuondoka. Nikasema, huyu alikuwa anatunga tu."

"Sikutunga tu."

"Basi uniambie tena. Bila vina."

"Nakupenda."

"Msamehe, mwanangu," yule mama mwenye kikapu aliingilia. "Mvua inakuja."

Tabibu alicheka, kicheko kilekile kinachoshindwa kujizuia, akampa mwavuli. "Haya, shika. Na usiudondoshe."

*

Jioni Mrefu alipomwita tabibu dukani, baada ya misimu ya mvua na jua kupita, Nyundo alikuwa amekwisha unyoosha mgongo wa Mrefu mpaka akaacha kumtaka arudi. Kipara alitumwa kununua poda ambayo haikuwa imeisha.

"Panda," alisema Mrefu, akikionyesha kiti chekundu.

Akampandisha. Miguu ya tabibu ikaning'inia, viatu vyeusi vikielea juu ya kikanyagio. Uso wake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya stesheni, ukalingana na wa Mrefu, na hakuna aliyechuchumaa wala aliyeinama.

"Umenipandisha, nani atanishusha?"

"Ngoja, kuna jambo." Mrefu alivuta pumzi, akakunja goti, akaanza kushuka sakafuni.

"Wee!" Tabibu alimdaka kola ya shati. "Usipige magoti, utakwama. Niombe umesimama."

Akasimama wima, kichwa, mgongo na visigino, kama aliyeegemea ukuta.

"Nataka uwe mke wangu."

Tabibu alimzungushia mkono, ukapita chini ya bega, ukafika kati ya mabega pale ambapo mkono wake mwenyewe haufiki.

"Hapa?" aliuliza.

"Hapo."

"Panauma?"

"Hapana."

"Hapana ya kiume au hapana ya kweli?"

"Ya kweli."

Hakubonyeza wala hakunyoosha. Aliuacha mkono upumzike pale, wazi, na kichwa chenye kilemba rangi ya haradali kikaegemea begani kwa kinyozi.

"Basi nimekubali," alisema. "Ila mgongo utabaki kwa Nyundo."